Baiskeli ya shoki mbili: kuchagua aina na kipimo cha fremu, Kondele na viunga vya Kisumu

Baiskeli ya shoki mbili ni baiskeli ya milima yenye shoki mbele na nyuma: ya mbele imo ndani ya uma unaoshika gurudumu, ya nyuma imefungwa kati ya fremu na mkono unaobeba gurudumu la pili. Mkono huo hucheza kwenye bawaba, kwa hiyo gurudumu hupanda jiwe na kushuka shimoni bila kumrusha aliyekaa kitini. Kisumu, ambako kwa Kijaluo baiskeli ni ndiga, wanaoitafuta ya namna hii ni wachache wakilinganishwa na wanaotaka ya kubebea mzigo. Wachache hao hupotea njia kwa urahisi. Jicho la mnunuzi hukimbilia springi, ilhali kitakachomstarehesha au kumuumiza mgongo kwa miaka ni kipimo cha fremu.

Kondele ni mahali pazuri pa kulieleza jambo hili. Ukitoka katikati ya mji kwa Barabara ya Jomo Kenyatta unafika chini ya daraja lake la juu, hatua chache kutoka Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Kutoka hapo njia zinagawanyika, na ardhi nayo inagawanyika. Kurudi ziwani ni lami na tambarare. Mashariki na kusini kuna uwanda wa Kano wenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kung'ang'ania tairi kama ugali wakati wa mvua. Kaskazini, ukishapita Mamboleo, barabara ya Kakamega inaanza kupanda Riat, na pembeni yake kuna vijia vya mawe vya Kajulu.

Katika ardhi hizo tatu, ni hii ya mwisho tu inayodai shoki ya nyuma.

Wakazi wa ufuo wa ziwa wamejua kuendesha kwenye barabara mbovu tangu zamani bila shoki yoyote. Black Mamba, baiskeli nyeusi ya chuma iliyofuata umbo la Raleigh ya Uingereza na baadaye kuletwa kwa wingi kutoka India na China, ilikuwa na magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma virefu na kiti chenye springi chini yake. Uma wake umelala, magurudumu yake yako mbali mbali, na mambo hayo mawili humeza mtikisiko kwa kiasi ambacho wengi hawakisifu. Ndiyo iliyobeba boda boda, kazi iliyoanzia mpakani Busia katika miaka ya 1960 na kuenea hadi Kisumu, ikiwa na mto wa sponji juu ya keria na mara nyingi vyuma vya ziada ambavyo fundi aliviongeza kuimarisha uma. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na baada ya hapo ndiga ikasukumwa pembeni mwa steji.

Baiskeli ya milima ilizaliwa kwingine kabisa. Vijana wa Marin County, California, walikuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito za zamani, na mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu mahsusi kwa kazi hiyo. Shoki ya mbele ilipata soko mwaka 1989, kampuni ya RockShox ilipotoa RS-1 iliyoruhusu gurudumu kusogea kwa umbali usiofika hata milimita 50. Shoki ya nyuma ilidharauliwa kwa muda mrefu na washindani wa mbio za nyika kwa kuwa ilikuwa nzito na ilikula nguvu za miguu. Dharau hiyo ilipungua sana mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alipotwaa dhahabu ya Olimpiki ya London juu ya baiskeli ya shoki mbili yenye magurudumu ya inchi 29.

Hapa kuna uzi mwembamba unaorudi hadi Kisumu. RockShox ilinunuliwa mwaka 2002 na SRAM, kampuni ya Chicago ambayo F.K. Day ni mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka 2005 Day na mkewe, Leah Missbach Day, walianzisha shirika la World Bicycle Relief, na baiskeli ya shirika hilo, Buffalo, huunganishwa Kisumu. Buffalo haina shoki hata moja. Ina keria ya kubeba kilo 100 na chuma kinene. Watu wanaojua shoki kuliko karibu kila mtu duniani walipoombwa baiskeli ya kijijini, waliiacha shoki nyumbani.

Sababu mojawapo ni keria. Mkono wa nyuma wa baiskeli ya shoki mbili unapanda na kushuka, kwa hiyo keria ya kawaida haina pa kushika. Ile inayobana nguzo ya kiti hubeba mfuko mdogo tu. Debe la maji, gunia la unga au abiria havina nafasi. Kwa nyumba ya mitaa ya Manyatta au Nyawita yenye baiskeli moja inayofanya kazi zote, mjadala unaishia hapo: shoki ya mbele inatosha, au isiwepo kabisa.

Anayebaki ni yule anayepanda Riat au Kajulu asubuhi ya Jumamosi kwa raha ya kuteremka. Huyo achague kwa mbonyeo, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kusogea. Milimita 100 hadi 120 ni za mbio za nyika na kupanda sana. Milimita 120 hadi 150 ni za vijia vya kila namna. Zaidi ya 150 ni za miteremko mikali, na baiskeli za mteremko mtupu hufika 200. Vilima vinavyouzunguka mji havihitaji zaidi ya 130, na mwenye 160 atabeba uzito wa bure kila anapopanda kutoka Mamboleo.

Iko pia shoki ya uongo. Baiskeli nyingi za bei nafuu zinazopangwa mbele ya maduka na supamaketi zina springi nene ya rangi nyuma na maneno makubwa ubavuni. Shoki ya kweli ina vitu viwili: springi au hewa ya kubeba uzito, na mafuta yanayopenya kwenye vitundu vidogo ili kupunguza kasi ya kurudi. Ya uongo ina springi peke yake. Ikibonyezwa hurudi kama kitanda cha zamani, na kila mkanyago wa pedeli huishia kwenye springi badala ya cheni. Kuijua hakuhitaji fundi: bonyeza kiti kwa uzito wote kisha uachie ghafla. Kikirudi taratibu mara moja, mafuta yamo. Kikidunda mara mbili tatu, pesa hiyo ingenunua baiskeli isiyo na shoki ya nyuma iliyo bora zaidi.

Kisha kipimo. Watoto wengi wa kanda ya ziwa walijifunza kuendesha kwa kupitisha mguu ndani ya pembetatu ya fremu ya baba, mwili upande mmoja na baiskeli upande mwingine, kwa sababu bomba la juu liliwapita kiunoni. Lilikuwa somo la mizani, na labda ndiyo maana watu wazima wengi huamini kwamba fremu yoyote huzoeleka. Fremu ya lami huzoeleka kwa kiasi. Ya mteremko wa mawe haizoeleki, kwa kuwa mwendeshaji husimama juu ya pedeli na huenda akalazimika kushuka ghafla.

Kipimo cha kuanzia ni urefu wa mguu wa ndani. Simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu kati ya mapaja na ukivute juu hadi msambani kwa nguvu kama ya kiti, kisha mtu mwingine apime kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha sentimita hizo kwa 0.226 upate inchi za fremu. Mwenye sentimita 70 anapata karibu inchi 16. Mwenye 80 anapata 18, na mwenye 88 anakaribia 20. Kati ya msamba na bomba la juu paachwe angalau sentimita 5.

Hesabu hiyo imetoka enzi za mabomba yaliyonyooka, na kwa baiskeli za karibuni haitoshi. Siku hizi bomba la kiti ni fupi hata kwenye fremu kubwa, kwa hiyo kinachotenganisha kubwa na ndogo ni umbali wa mlalo kutoka usawa wa kitovu cha pedeli hadi kichwa cha fremu kinachoshika uma. Fremu ya wastani ya leo huwa na milimita 430 hadi 460 hapo. Ya mwaka 2010 ilikuwa fupi zaidi, na ilirefushwa kwa shingo ndefu ya usukani. Ndiyo maana baiskeli ya mtumba yenye herufi L inaweza kumkaa vizuri mtu ambaye dukani leo angepewa M. Herufi hizo hazilingani hata kati ya kampuni na kampuni, na utepe wa fundi cherehani hutoa jibu la kuaminika kuliko stika.

Anayeangukia kati ya vipimo viwili husikia ushauri wa kila aina. Kwa Kondele, ambako baiskeli ya mtu mmoja hupandwa na ndugu, binamu na jirani, ndogo ni salama zaidi: nguzo ya kiti inaweza kupandishwa, mradi isipite alama yake ya mwisho, lakini bomba la juu halishuki kwa yeyote. Ila kwenye shoki mbili nguzo hiyo mara nyingi haizami hadi chini kwa kuwa shoki au bawaba imeziba njia, na hilo lijaribiwe kabla ya kulipa.

Baada ya fremu ndipo shoki ipimwe kwa mwili wa mwenyewe. Anapokaa akiwa na mkoba na chupa yake ya maji, shoki ya nyuma izame kati ya robo na karibu theluthi ya mwendo wake, yaani umbali ambao shoki yenyewe hubonyea. Yenye mwendo wa milimita 50 izame 12 hadi 15. Ya hewa hurekebishwa kwa pampu ndogo maalumu, maana huhitaji shinikizo la psi 150 hadi 250 kwa vipimo vidogo vidogo, na pampu ya mguu ya kando ya barabara hupitiliza au hupoteza hewa inapochomolewa. Asiye na pampu hiyo, wala rafiki mwenye nayo, anunue ya springi ya chuma.

Kwa mtumba, shika gurudumu la nyuma na ulitikise kushoto na kulia. Mkono ukicheza kwa pembeni, beringi za bawaba zimekwisha. Angalia mirija inayong'aa ya uma: mkwaruzo unaokwamisha ukucha utakata sili na kumwaga mafuta. Soma pia kipimo cha shoki yenyewe, urefu wake na mwendo wake, kwa kuwa shoki ya kipimo cha ajabu haipatikani Kisumu na pengine haitengenezwi tena. RockShox hushauri sehemu ya chini ya uma ifunguliwe na kuwekwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kwa vumbi la Riat na matope ya Kano, kungoja zaidi ni kamari.

Magurudumu yana mtego wake. Tairi ya inchi 29 hukaa kwenye rimu ya milimita 622, ya Black Mamba kwenye 635, na hazibadilishani ingawa majina yake yanakaribiana. Inchi 26 ya baiskeli za milima ni 559, nayo ndiyo ambayo karibu kila fundi wa pancha ana tyubu yake. Namba hiyo ya milimita imepigwa chapa ubavuni mwa tairi, baada ya kistari.