"Guys" ni Akina Nani? Jinsia na Hadhi katika Maneno ya Kiingereza ya Kuitana

Mhudumu wa mgahawa mjini Chicago anaifikia meza waliyokaa wanawake wanne na kuwauliza, "Are you guys ready?" Hakuna anayegeuka kumtafuta mwanamume anayesemeshwa. Mhudumu huyohuyo akirudi jikoni na kusema kwamba kuna "two guys" mlangoni, wenzake wote wanaelewa kuwa waliosimama pale ni wanaume wawili. Neno ni lilelile na msemaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni nafsi: kwanza alikuwa anasema na watu, kisha akawa anasema habari za watu.

Mabishano juu ya neno hili yamedumu kwa miongo kadhaa huko Marekani, na sehemu kubwa yamekwama kwa sababu tofauti hiyo inapuuzwa. Wanaolitetea hudai kwamba limekwisha kupoteza jinsia, na mifano yao karibu yote ni ya nafsi ya pili. Wanaolipinga, mwanasosholojia Sherryl Kleinman akiwa mmoja wa waliosimama kidete, husema linawafuta wanawake, na ushahidi wao mzito unapatikana katika nafsi ya tatu. Mimi niko upande wa wapinzani. Siko huko kwa ajili ya hoja ya asili ya neno, ambayo mara nyingi hutangulizwa ingawa haina uzito.

Asili yenyewe ni hii. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605, Guy Fawkes alikamatwa chini ya jengo la Bunge mjini London akilinda mapipa 36 ya baruti. Kiongozi wa njama ile ya kumuua Mfalme James alikuwa Robert Catesby, lakini jina lililobaki vinywani mwa watu ni la yule aliyekutwa na baruti. Bunge lilipitisha sheria ya kuiadhimisha siku hiyo kwa ibada ya shukrani, na sheria hiyo ilidumu hadi 1859. Watu waliwasha mioto, na baadaye wakawa wanachoma sanamu za Fawkes zilizotengenezwa kwa matambara na majani makavu. Kila sanamu iliitwa "guy", na watoto waliitembeza mitaani wakiomba senti. Katika karne ya 19 Waingereza walimwita hivyo mtu yeyote aliyevaa ovyo kama sanamu ile. Neno lilipozoeleka Marekani, dhihaka ikadondoka njiani, akabaki mwanamume wa kawaida tu. Mwanaisimu Allan Metcalf ameiandikia safari hiyo kitabu kizima.

Historia hii inavutia, ila haiamui lolote kuhusu matumizi ya leo. "Fellow" lilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia wa kale, likimaanisha mtu aliyeweka mali yake katika ubia. "Chap" ni mkato wa neno la zamani la mchuuzi. "Dude" lilivuma New York mwaka 1883 kuwakejeli vijana waliopenda mitindo kupita kiasi. Hakuna anayetamka "chap" leo huku akiwazia bidhaa sokoni. Linalonishughulisha ni mahali maneno haya yalikofika. Yote yalianza na mtu wa namna fulani, mbia, mchuuzi, limbwende, mhaini aliyenyongwa, yakaishia kwa mwanamume yeyote. Kisha moja kati yao likapiga hatua zaidi na kuwabeba watu wote. Neno la wanawake halijawahi kupewa safari hiyo. Mhudumu wetu akiwaambia wanaume wanne "you gals", atakuwa amewatania au amewatukana.

Watetezi hujibu kwamba Kiingereza kilibanwa na shida. Ni kweli kilibanwa. Zamani kilikuwa na "thou" kwa mtu mmoja, na wingi wake ukijitenga. Adabu ya kumsemesha mkubwa kwa wingi ikaenea ngazi kwa ngazi, hadi kufikia mwisho wa karne ya 17 "thou" ilikuwa imekwisha kutoweka katika usemi wa kawaida wa watu wengi, na "you" ikalazimika kubeba umoja na wingi. Sisi tunaosema "njoo" na "njooni", "wewe" na "nyinyi", si rahisi kuuhisi upungufu huo. Lakini shida haikulazimisha suluhisho hili. Wamarekani wa kusini walijipatia "y'all". Pittsburgh wana "yinz", Waayalandi wana "youse", na Uingereza husikika "you lot". Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaja mwanamume. Pengo lilizibika bila kumfanya mwanamume kuwa kipimo cha mtu, kwa hiyo hoja ya kwamba hapakuwa na njia nyingine inaanguka.

Huenda msomaji akaona tunakuza jambo dogo. Basi na atazame neno "boy". Katika Marekani ya ubaguzi, mwanamume mweusi mwenye mvi aliitwa hivyo na kijana mweupe, na maana yake haikuwa umri. Tarehe 1 Februari 1968, wazoaji taka wawili wa Memphis, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa na mtambo wa gari la taka. Wafanyakazi wenzao wapatao 1,300 waligoma, na mabango waliyobeba yaliandikwa maneno manne tu: "I AM A MAN". Walidai mshahara na usalama kazini, na katika maneno hayohayo wakadai kuitwa watu wazima. Afrika Mashariki ya kikoloni ililijua neno hilo vizuri. Mtumishi wa nyumbani mwenye mke na watoto aliitwa boi, na kamusi zetu bado zinalihifadhi. Maneno ya kuitana hugawa hadhi, na anayeyagawa ndiye mwenye nafasi ya kusema ni madogo.

Tusijidai kwamba Kiswahili kimesalimika kwa kuwa "yeye" haina jinsia. Neno "jamaa" lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kundi la watu. Kwetu likawa ndugu, kisha mtu mmoja asiyetajwa jina, njia iliyo kinyume kabisa na ile ya "guy", ambalo lilitoka kwa mtu mmoja likaenda kwa kundi. Hata hivyo, ukiambiwa "kuna jamaa alikuja kukuulizia", sura inayokujia kwanza ni ya mwanamume. Angekuwa mwanamke, angetajwa kuwa ni dada au mama fulani. Ngeli haikulazimisha hilo. Ni mazoea yetu ya kumwona mwanamume kuwa mtu asiyehitaji maelezo, na mazoea hayo yanaota katika lugha yoyote, iwe na viwakilishi vya jinsia au isiwe navyo.

Kwa mfasiri, kazi hapa ni bayana. "You guys" ya mezani inatoshelezwa na kiambishi: "Mko tayari?" Ukiongeza "jamaa" umewaingiza wanaume ambao mhudumu hakuwataja. "Two guys" ya mlangoni ni wanaume wawili, na iandikwe hivyo. Wanaotafsiri filamu mara nyingi huziandika zote mbili "jamaa", na mtazamaji hupoteza tofauti ambayo Mwingereza na Mmarekani huisikia bila kuifikiria.