Filamu ya Makala: Istilahi na Kinachofichwa na "Hali Halisi"

Anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kupitia Tungamalenga lazima apite Idodi. Watu wa huku hawahitaji kufundishwa simba ni nini; wanamjua kwa ng'ombe aliyekutwa ameliwa asubuhi. Hata hivyo, mradi wa uhifadhi wa wanyama walao nyama ulioanza mwaka 2009 pembezoni mwa hifadhi umekuwa ukipita vijijini usiku na kuonyesha filamu za wanyama. Wengi watakuambia wanakwenda kuangalia video, na hapo wamemaliza. Sisi tunaoandika ndio tunaogombania jina.

Majina yapo manne. La kwanza ni dokumentari, la mkopo. Mengine ni filamu ya hali halisi, filamu ya kumbukumbu, na filamu ya makala, ambayo watangazaji wengi huikatiza na kusema makala tu. La kumbukumbu linafaa pale filamu inapojengwa kwa picha za zamani, mfano ya kupigania uhuru, lakini ukiliita hivyo onyesho la mbwa mwitu wakiwinda, neno linapwaya. Ubishi wa kweli uko kati ya hali halisi na makala.

Tuanze na asili. Mwaka 1926 John Grierson, Mskoti aliyeandika uhakiki katika gazeti la New York Sun, aliisifu Moana, filamu ya Robert Flaherty kuhusu maisha ya Samoa, kwamba ina thamani ya ushahidi, kama waraka. Neno lake, documentary, likakaa. Lakini Flaherty huyohuyo, katika Nanook of the North ya mwaka 1922, alimpa mhusika wake jina lisilo lake, akamtaka awinde kwa silaha za jadi wakati watu wa kwao walikwishazoea bunduki, na nyumba ya barafu ikajengwa nusu ili mwanga uingie kamera ifanye kazi. Grierson mwenyewe baadaye alieleza kwamba kazi hii ni ya kisanii, ila malighafi yake ni mambo yaliyopo. Kwa hiyo uhalisi uko kwenye malighafi. Anayekaa kukata na kuunga vipande ana lake la kusema.

Kanda yetu nayo ilianza hivyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu za kufundishia Waafrika, zikazungushwa Tanganyika na nchi jirani zikiwa na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine. Moja ilihusu faida ya kuweka akiba katika benki ya posta badala ya kufukia fedha ardhini. Mwizi wa filamu hiyo alikuwa mwigizaji. Somo lilikuwa la serikali.

Idodi inatupa kipimo kizuri cha tofauti hii kati ya malighafi na filamu. Mradi niliotaja huwapa wanakijiji kamera za mitego, zile zinazofungwa mtini na kujipiga zenyewe mnyama apitapo. Kila mnyama anayenaswa hukipatia kijiji pointi, na pointi hugeuka misaada ya elimu, afya na mifugo. Picha ya chui aliyepita saa nane usiku, tarehe ikiwa pembeni, ndiyo hali halisi kama ipo mahali popote. Lakini si filamu. Haina mwanzo wala hoja, na haimlaumu mtu.

Sasa chukua Mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakasongamana kwenye madimbwi ya tope. Mtengenezaji mmoja atakuonyesha tope hilo, kisha aruke hadi mashamba ya mpunga ya Usangu, upande wa juu wa mto, yanayomeremeta maji. Mtazamaji atatoka na jina la mkosaji, ingawa hakuna aliyelitamka. Mwingine ataanzia kwa mfugaji aliyeondolewa katika kinamasi cha Ihefu, Usangu, mwaka 2006, aendelee mpaka mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu lilipounganishwa na hifadhi, na viboko watapata dakika mbili. Hakuna aliyedanganya. Mto ni uleule, lakini makala ni mbili.

Ndiyo maana naegemea makala. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni kusema. Linamkumbusha msomaji kwamba kuna msemaji. Hali halisi, kwa tabia yake, hufanya kinyume: humficha. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, walioruka na ndege iliyopakwa milia ya pundamilia kuhesabu wanyama, walitengeneza filamu ya mwaka 1959 kuhusu Serengeti iliyokwenda kushinda tuzo ya Oscar. Michael alikufa ndege ilipoanguka kabla filamu haijatoka. Hesabu ilikuwa ya kweli. Wazo kwamba hifadhi bora ni isiyo na watu lilikuwa lao. Miaka mingi baadaye, mtengenezaji Hubert Sauper alipotoa filamu ya Darwin's Nightmare mwaka 2004, akiashiria kwamba ndege zinazobeba minofu ya sangara kutoka Mwanza huhusika na silaha, Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006. Ungeiita makala, mjadala ungeanza na swali la haki: hoja yake imethibitishwa wapi?

Katika michezo ubishi ni mdogo. Mtanzania John Stephen Akhwari akimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na bendeji gotini, wa mwisho, gizani: Bud Greenspan aliitumia picha hiyo katika filamu zake za Olimpiki, na hata hapo ni yeye aliyeamua kwamba wa mwisho ndiye wa kutazamwa.

Kasoro ya makala naijua: gazeti lina makala, redio ina makala. Basi neno filamu lisidondoshwe katika maandishi, na mada ifuate kwa kuhusu: filamu ya makala kuhusu Mto Ruaha. Wingi wake ni filamu za makala. Dokumentari sina ugomvi nalo, vijana wameshalizoea. Ila anayelitumia aliandike Kiswahili, kwa irabu mwishoni.