Programu huria ya kupanga muziki

sikwensa *nm* [i-/zi-] mashine au programu ya kompyuta inayohifadhi maagizo ya muziki kwa mfuatano wa wakati na kuyatekeleza kupitia ala.

Maana ya neno hili hueleweka upesi sikwensa inapotofautishwa na kinasa sauti. Kinasa sauti huhifadhi mlio wenyewe. Sikwensa huhifadhi agizo: noti ipi ipigwe, lini, kwa nguvu gani, na ishikiliwe kwa muda gani. Ndiyo maana mtayarishaji huweza kuuhamisha wimbo kutoka mapigo 120 kwa dakika hadi 200, au kuibadili sauti ya filimbi kuwa ya kinanda, bila kupiga upya hata noti moja. Dakika moja ya sauti ya stereo yenye ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 10. Maagizo ya muda huohuo huweza kutoshea katika kilobaiti chache. Katika mazungumzo ya studio husikika *nimerekodi biti* hata pale ambapo hakuna kilichorekodiwa. Katika maandishi rasmi afadhali *nimepanga mdundo*.

Mfano unaowafaa watayarishaji wa nyumbani ni LMMS, programu iliyoanzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya Linux (jina lake lilikuwa kifupisho cha Linux MultiMedia Studio) na baadaye ikapatikana pia kwa Windows na macOS. Ina dirisha la kupangia wimbo mzima, dirisha la kupangia midundo hatua kwa hatua, na lile la kuandikia noti kwa kufuata vibao vya kinanda. Kasi huwekwa popote kati ya mapigo 10 na 999 kwa dakika, hivyo hata singeli ya Dar es Salaam, ambayo hupita 200 bila taabu, haiishindi.

Bure au huria? Watumiaji wengi huiita LMMS *programu ya bure*. Si uongo, maana hailipiwi, lakini neno hilo linaficha jambo kubwa zaidi, tena lina kivuli kibaya: *bure* ni pia kisicho na faida, kama katika *amehangaika bure*. Neno *huria* hutaja ruhusa, si bei. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hulipa ada, na katika soko huria hakuna anayegawiwa bidhaa. LMMS hutolewa kwa leseni ya GNU GPL, ambayo humruhusu mtu kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma msimbo chanzo wake, kuurekebisha na kuusambaza. Anayesambaza toleo alilolirekebisha hulazimika kutoa na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Ziko programu za bure zisizo huria, ambazo mwenyewe anaweza kuzifunga au kuanza kuzitoza kesho. Nayo programu ya kulipiwa iliyovunjwa kufuli na kupitishwa mkono kwa mkono haiwi huria kwa kuwa imepatikana bila senti. Hiyo ni ya wizi.

Leseni hiyo hushika programu, haishiki wimbo. Mtunzi anayeuza kazi aliyoipanga ndani ya LMMS hadaiwi chochote na waliounda programu. Sampuli za sauti alizochota kwingine zina wenyewe, na ruhusa zake hutafutwa mbali.

Matoleo ya 1.2 hayarekodi sauti ya mwimbaji. Sauti hurekodiwa kwa programu nyingine, kwa mfano Audacity ambayo nayo ni huria, kisha faili la WAV huingizwa katika treki ya sampuli. Hapo mtayarishaji mpya huumia bila kujua: faili la mradi, lenye kiambishi *.mmp* au *.mmpz*, halibebi sampuli hizo ndani yake, hutaja tu mahali zilipo. Anayenakili mradi peke yake kwenye kompyuta nyingine ataiona mistari yote imepangika, lakini mwimbaji hasikiki. Folda ya sampuli inakiliwe pamoja na mradi, na majina ya mafaili yasibadilishwe.