Tarakilishi yaigiza mageuko kueleza ukuaji wa mtoto

MTOTO wa binadamu huzaliwa akijua kunyonya na kulia, lakini kutembea na kusema sharti ajifunze. Mbona maumbile hayakumkamilisha tangu tumboni? Kwa kuwa mageuko ya viumbe huchukua vizazi vingi mno, baadhi ya wanasayansi wameamua kuyaigiza ndani ya tarakilishi.

Hoja yenyewe ni kongwe kuliko mashine hizo. Mwaka wa 1896 mwanasaikolojia Mmarekani James Mark Baldwin, aliyekuwa amechunguza ukuaji wa watoto, alieleza kwamba kiumbe anayeweza kujifunza huokoka na kuzaa, na hivyo huvipa vizazi vyake muda wa kupata kwa urithi kile alichokuwa akijifunza. Hakudai kwamba elimu ya mzazi humwingia mwana. Mtoto wa seremala hazaliwi akijua kushika randa.

Mwaka wa 1987 Geoffrey Hinton, ambaye mnamo 2024 alitunukiwa Nobeli ya Fizikia, pamoja na Steven Nowlan, waliijaribu hoja hiyo. Walibuni viumbe 1,000, kila mmoja akiwa na jeni 20. Jeni iliweza kuwa sahihi, kuwa na kosa, au kuachwa wazi ili mwenyewe aijaze kwa kubahatisha maishani. Kati ya mipangilio 1,048,576 ni mmoja tu uliokuwa na faida. Kila kiumbe alipewa majaribio 1,000, na aliyeupata mapema alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuzaa.

Bila kujifunza, kazi hiyo ingekuwa sawa na kusaka punje ya mtama kwenye mchanga wa pwani, kwani aliyekosea jeni moja hakumzidi aliyekosea zote. Kujifunza kulimwezesha aliyekaribia kufaidika, na katika vizazi vichache jeni zenye makosa zikatoweka.

La kuvutia zaidi ni kwamba jeni zilizoachwa wazi hazikwisha. Zilipobaki chache, kuzijaza kulikuwa kwepesi, na mageuko hayakuwa na sababu ya kuziondoa haraka.

Bila shaka viumbe hao ni dhaifu kama mfano wa mtoto: hawana mwili, mama wala lugha. Kitabu Rethinking Innateness, kilichotolewa mwaka wa 1996 na Jeffrey Elman na wenzake, kilisonga mbele kwa kutumia mitandao ya kuigiza neva za ubongo. Waandishi hao walishikilia kwamba anachozaliwa nacho mtoto huenda si maarifa yenyewe, bali umbo la ubongo na ratiba ya kukomaa kwake.