Jedwali, Chati na Bango katika Mtihani: Historia ya Lugha ya Upimaji Uganda kwa Mtazamo wa Makindye

Utangulizi

Swali la mtihani linalomtaka mtahiniwa asome jedwali, chati au bango huhesabiwa kuwa swali jepesi na la haki. Jibu limo mbele ya macho yake. Hakuna cha kukariri. Makala hii inapinga dhana hiyo. Hoja yake ni kwamba nchini Uganda swali la aina hii limekuwa pia swali la lugha, na kwamba kukiingiza Kiswahili shuleni kutamfaa mtoto endapo tu maswali hayo yatatungwa kwa Kiswahili, si kutafsiriwa. Makindye, mojawapo ya tarafa tano za Jiji la Kampala, imeteuliwa kuwa kielelezo kwa kuwa historia ya lugha nchini imeacha alama zake humo.

Usuli wa kihistoria

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi pana zaidi katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa II alilipinga wazo hilo, na wamisionari wengi vilevile. Kufikia mwaka 1952 Kiswahili kilikuwa kimeondolewa miongoni mwa lugha zilizotambuliwa kufundishia, isipokuwa katika shule za watoto wa polisi. Kikasalia lugha ya kambi, na Makindye ilikuwa na kambi zake: polisi wa Nsambya na Kibuli, kisha kambi ya jeshi ya Makindye penyewe. Idi Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kambi hiyo ya jeshi ilikuwa pia mahali pa kufungia na kutesea watu. Kwa wakazi wengi wa Kampala, Kiswahili kikawa lugha ya amri, si lugha ya daftari.

Mitihani nayo ilifuata njia yake. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake mwaka 1973. Kenya ilifanya hivyo mwaka 1980, na Uganda ikatunga sheria ya baraza lake, UNEB, mwaka 1983. Nchi hizi ziligawana urithi mmoja wa utahini, lakini si lugha moja. Mtoto wa shule ya msingi ya umma Tanzania aliendelea kusoma majedwali kwa Kiswahili. Mwenzake wa Uganda aliyasoma kwa Kiingereza.

Muundo wa swali

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Uganda una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na Dini. Kiswahili hakimo. Karatasi ya Kiingereza ina sehemu mbili zenye alama 50 kila moja. Katika sehemu ya pili, yenye maswali ya 51 hadi 55, ndimo zinamotokea grafu, majedwali, matangazo na mabango, sambamba na vifungu vya habari na mashairi. Mtaala wa mwaka 2007 uliruhusu lugha ya mama itumike katika miaka mitatu ya mwanzo na kuufanya mwaka wa nne kuwa wa mpito, ilhali shule nyingi za mijini hutumia Kiingereza tangu darasa la kwanza. Matokeo yake ni kwamba mtahiniwa akikosa swali la bango, alama yake haisemi kama alishindwa kusoma bango au alishindwa na lugha ya swali.

Vielelezo viwili

Tuchukulie bango la kituo cha afya linalotangaza chanjo. Kwa Kiingereza, huduma huanza saa nane asubuhi na kufungwa saa moja mchana. Mtoto wa Makindye, mama yake na kondakta wa teksi husema kwa Luganda "ssaawa bbiri", sawa kabisa na "saa mbili" ya Kiswahili. Akiulizwa huduma huchukua muda gani, kwa Kiingereza inambidi avuke saa sita mchana ndipo ahesabu, maana moja haitolewi nane. Kwa Luganda na Kiswahili hutoa mbili katika saba, akapata saa tano. Mtafsiri akiandika "saa 8:00 asubuhi" katika karatasi ya Kiswahili, atakuwa ameupoteza msaada ambao lugha yenyewe ilikuwa tayari kuutoa.

Kielelezo cha pili ni jedwali la mauzo ya samaki katika soko la Ggaba: vikapu 40 Jumatatu, vikapu 60 Jumatano. Mauzo yaliongezeka "kwa" vikapu 20, lakini yaliongezeka "hadi" vikapu 60. Tarakimu ni zilezile. Neno moja hubadili jibu. Mtahini asiyelichunga neno hilo atadhani anapima hesabu, kumbe anapima kihusishi.

Mapendekezo

Tangu mwaka 2020 Kiswahili ni somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kiwe lazima pia katika shule za msingi. Kabla mtihani wa kwanza wa msingi haujatungwa, makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, saa zote katika majedwali na mabango ziandikwe kwa hesabu ya Kiswahili. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isimamie istilahi moja ya safu, mhimili, grafu na chati, ili mtoto wa Kampala asitatizwe na vitabu vya Nairobi na Dar es Salaam. Tatu, alama za kusoma takwimu zitenganishwe na alama za kuunda sentensi.

Kiswahili kiliwahi kufika Makindye kikiwa kimeshika bunduki. Safari hii kinaweza kufika kikiwa kimeandikwa kwenye bango ambalo mtoto analielewa, na mtihani ukimuuliza, ajibu kile anachokijua.