Tamati ya Anwani: .com, .net na Matangazo ya Kamari

Kila jina la tovuti lina mkia wake: .com, .net, .tz, .ke. Wahandisi wa mitandao huuita mkia huo kikoa cha ngazi ya juu; wauzaji wa majina na watu wa matangazo wanapenda kusema kiendelezi. Istilahi ya kwanza ni sahihi ila ni ndefu mno mdomoni. Ya pili ni fupi, lakini inapotosha, kwa sababu inaufanya mkia uonekane nyongeza iliyobandikwa baada ya jina kwisha.

Kwa kompyuta mambo ni kinyume. Inapotafuta tovuti hulisoma jina kutoka kulia: kwanza huuliza nani anatunza orodha ya .com, kisha ndani ya orodha hiyo hulitafuta jina lenyewe. Ni kama bahasha itokayo ng'ambo. Mpanga barua husoma kwanza neno Tanzania, lililo mstari wa mwisho, ndipo wengine wahangaike na sanduku la posta. Mwenye orodha ndiye mwenye kauli. Orodha ya .com, na ya .net pia, iko mikononi mwa Verisign, kampuni ya Virginia, Marekani.

Uzito wa mkia huo ulionekana vizuri katika mchezo wa karata wa poka. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliingia mashindano makuu ya poka Las Vegas kupitia mchujo wa mtandaoni wa PokerStars, akaondoka na dola milioni 2.5. Televisheni zikanusa soko. Lakini Juni mwaka huohuo Idara ya Sheria ya Marekani iliwaonya wenye vituo kwamba anayepokea tangazo la kamari ya mtandaoni anaweza kushtakiwa kwa kusaidia uhalifu. Halikuwa tishio tupu. Mwaka 2004 serikali ilikamata dola milioni 3.2 ambazo wenye ParadisePoker walikuwa wameilipa kampuni ya Discovery kwa matangazo, na Januari 2006 jarida la Sporting News lilimaliza shauri lake kwa dola milioni 7.2, sehemu yake ikiwa matangazo ya kuuonya umma juu ya kamari hiyohiyo.

Kampuni za poka zikajibu kwa herufi tatu. Zilifungua tovuti pacha zenye jina lilelile na nembo ileile, ila zikiishia .net, ambako mtu alicheza bure kwa vijiwe visivyo na thamani na kujifunza mchezo. Hizo ndizo zilizotangazwa, na maandishi madogo yakisema hii si tovuti ya kamari. Mwanasheria wa kituo alisoma .net akaridhika. Mtazamaji sebuleni alishika jina, na vidole vyake, kwa mazoea, vikaandika .com. Ujanja mzima ulitegemea hilo: tangazo lilikuwa na wasomaji wawili, na kila mmoja alisoma ncha tofauti ya anwani.

Ndiyo maana mimi naona neno tamati linafaa kuliko kiendelezi. Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kiambishi tamati si pambo: lipa, lipwa, lipia, mzizi ni uleule, lakini pesa imehama mfuko. Kwa wahandisi kikoa cha ngazi ya juu kibaki. (Kikoa chenyewe kwa wazee kilikuwa chakula kinacholiwa pamoja kwa zamu, na wanaoishi chini ya .com kweli wanakula sinia moja.)

Aprili 15, 2011, waendesha mashtaka wa New York walikamata majina matano ya tovuti za poka, yakiwemo ya PokerStars na Full Tilt. Yote matano yalikuwa ya .com. Seva nyingi zilikuwa nje ya Marekani, lakini orodha ilikuwa Virginia, hivyo mchezaji aliyefungua ukurasa alikuta nembo za FBI na Idara ya Sheria. PokerStars iliwahamishia wateja wake kwenye .eu.

Mwaka uliofuata ICANN, taasisi inayosimamia mpangilio wa majina haya, ilipokea maombi 1,930 ya tamati mpya, kila moja kwa ada ya dola 185,000. Miongoni mwa zilizopita ni .poker, .casino na .bet. Hizi hazijifichi kama .net ilivyofanya, na kichujio cha ofisi au cha shule kinaweza kuzifungia mlango wote kwa amri moja, bila kujua jina hata moja lililo mbele yake.