Kabla Hujauza Kuni na Majiko, Ijue Historia ya Biashara Hii

Katika maswali ninayoulizwa na wakulima na wafanyabiashara wadogo, hili linajirudia sana: "Nina mtaji mdogo, nataka kuuza kuni na majiko banifu, nianzie wapi?" Ningeweza kukujibu kwa orodha ya gharama, lakini bei hubadilika kila msimu. Yasiyobadilika ni mambo waliyojifunza waliotutangulia, wengine kwa kupata na wengine kwa kupoteza. Kwa hiyo leo nakupa kwanza historia, halafu mwishoni tutaona inakushauri nini wewe mwenye mtaji mdogo.

Kuni zilivyogeuka bidhaa

Kwa miaka mingi kuni vijijini hazikuwa na bei. Ziliokotwa. Zilianza kuwa bidhaa pale alipotokea mlaji mkubwa asiyeweza kwenda kuokota mwenyewe.

Mlaji mmoja wa namna hiyo alikuwa reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Ziwa Victoria, pale Kisumu, mwaka 1901. Injini zake zilikula kuni. Miti iliyokuwa karibu na njia ilikatwa kwa kasi, na serikali ya kikoloni ikalazimika kupanda mashamba ya mikaratusi kwa ajili ya kulisha injini hizo. Hebu litazame jambo hilo vizuri: mnunuzi mkubwa wa kuni aligundua mapema kwamba anayekata bila kupanda atalazimika kufuata kuni mbali zaidi kila mwaka, na gharama ya kuzisomba itakula faida yote.

Mfano wa pili uko hapa kwetu Njombe. Kampuni ya miwati ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949. Mti wa mwati ulipandwa kwa ajili ya gome lake, ambalo hutoa dawa ya kulainisha na kuhifadhi ngozi. Gome likishabanduliwa, gogo linabaki, na gogo la mwati ni kuni nzuri na mkaa mzuri. Hapo mti mmoja ulitoa bidhaa mbili, na kuni zikawa hazimtegemei mtu wa kuingia msituni.

Baadaye walaji wakaongezeka: viwanda vya chai vinavyokausha majani, mabani ya tumbaku, wachoma matofali, mama lishe, wapishi wa pombe za kienyeji, shule na magereza. Hao ndio waliofanya kuni ziwe biashara.

Majiko ya wataalamu yaliyokosa wenyewe

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani. Watu waliotarajia kuhamia kwenye mafuta ya taa wakabaki kwenye kuni na mkaa. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Erik Eckholm, aliandika kwamba kwa watu maskini shida ya nishati haikuwa petroli, ilikuwa kuni. Hapa Tanzania wazee wetu watakumbuka kampeni ya redio ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980, ambapo wanavijiji walikaa kwa vikundi wakasikiliza na kujadili upandaji miti.

Wataalamu nao wakaja na majiko. Lililosifika zaidi liliitwa Lorena, lililotokea Guatemala baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976. Lilikuwa tuta kubwa la udongo na mchanga, lenye matundu ya sufuria na bomba la kutolea moshi. Lilipendeza kwa macho na likasambazwa katika nchi nyingi, Afrika ikiwemo. Lakini lilipopimwa vizuri ikaonekana kwamba tuta lile lote la udongo lilinyonya joto kabla halijaifikia sufuria. Mara nyingi halikuokoa kuni kuliko mafiga matatu yanayotunzwa na mpishi mzoefu.

Tatizo la majiko ya namna ile halikuwa ufundi peke yake. Mengi yalijengwa chini ya miradi, mtu akapewa bila kununua. Likipasuka, hakuna fundi wa kumrudia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiishi kwa kuyauza. Mradi ulipofunga hesabu, jiko likawa mahali pa kuku kutagia.

Nairobi: jiko lililouzwa

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu nishati mpya na jadidifu. Kipindi hichohicho mradi uliofadhiliwa na Marekani ulianza kutafuta jiko bora la mkaa kwa ajili ya miji ya Kenya. Wazo lilichukuliwa kutoka Thailand, ambako watu walipikia jiko lenye umbo la ndoo, ndani udongo uliochomwa.

Mafundi bati wa Nairobi, wakiwemo wale wa Shauri Moyo, walikuwa tayari wanatengeneza jiko la bati kutokana na mabati chakavu. Jiko lile lilikuwa rahisi, lakini lilipoteza joto kwa pembeni na kuunguza mikono. Mradi haukuwanyang'anya kazi kwa kufungua kiwanda. Uliwafundisha mafundi walewale, ukawaonyesha namna ya kuweka kauri ndani ya jiko wanalolijua.

Majiko ya mwanzo yalikuwa na kasoro. Kauri ilipasuka au ikachomoka. Mafundi na wapishi wakasema wanachokiona, umbo likabadilishwa: kiuno kikafanywa chembamba katikati, juu na chini pana, na kauri ikakaa sehemu ya juu tu ambako moto upo. Hivyo ilishikwa vizuri, jiko likawa jepesi na halipinduki hovyo. Hilo ndilo jiko unaloliona leo katika masoko mengi ya Afrika Mashariki.

Mambo matatu yaliliinua jiko hilo. Kwanza, halikuuzwa kwa ruzuku. Fundi alipaswa kupata faida yake tangu siku ya kwanza. Pili, kila fundi alikuwa huru kulitengeneza bila kumlipa mtu haki ya ubunifu, hivyo washindani wakaongezeka na bei, iliyokuwa kubwa mwanzoni, ikashuka. Tatu, kazi iligawanyika: huyu anakata bati, yule anafinyanga na kuchoma kauri, mwingine anaunganisha, mwingine anauza. Kila mmoja alihitaji mtaji mdogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Dar es Salaam nayo ikapata jiko la aina hiyo, tukaliita jiko bora.

Kijijini hesabu ni nyingine

Sasa hapa ndipo pa kuwa makini, ndugu mfanyabiashara. Jiko la kauri lilishamiri mjini kwa sababu mtu wa mjini hununua mkaa. Akipunguza mkaa, anaona fedha ikibaki mkononi wiki ileile. Lakini mama wa kijijini anayeokota kuni hana fedha anayookoa. Ukimwambia "jiko hili linapunguza kuni", atakuitikia kwa heshima na hatanunua.

Kenya walikutana na ukuta huo. Katika miaka ya 1980 chama cha Maendeleo ya Wanawake, kikishirikiana na serikali na shirika la Ujerumani la GTZ, kilisambaza jiko la kuni lenye kauri ya udongo, ambalo lenye ganda la bati liliitwa Kuni Mbili. Miaka ya 1990 shirika la ITDG la Uingereza likaendeleza kazi hiyo magharibi mwa Kenya, likafanya kazi na vikundi vya akina mama, wengi wao wakitoka katika jamii zenye ufinyanzi wa jadi. Walifinyanga kauri peke yake, mnunuzi akaipeleka nyumbani, ikajengewa jikoni kwa mawe na udongo. Bati halikuhitajika, kwa hiyo bei ikawa ya chini.

Liangalie jina walilolipa: Upesi. Hawakuliita jiko la kuokoa msitu. Walikwenda kwa mama jikoni na kuangalia anachokosa. Alikosa muda, macho yalimwasha kwa moshi, na watoto waliungua kwenye moto wa wazi. Wakauza wepesi wa kupika na jiko safi. Kuni zilizookolewa zikawa nyongeza.

Akina mama wale walijifunza pia kwamba ufinyanzi peke yake si biashara. Kauri nyingine hupasuka tanurini, na hasara hiyo lazima iingie kwenye bei. Ni nzito na huvunjika njiani, hivyo usafiri unaweza kuzidi faida. Na ikijengewa vibaya jikoni, lawama humrudia aliyeifinyanga. Ndiyo maana wengine waligeuka wajengaji wa majiko, wakalipwa kwa kazi hiyo pekee.

Kilichoharibu jina

Uhuru wa kutengeneza ulishusha bei, lakini ulileta ubaya wake. Baadhi ya watu walianza kutumia bati jembamba na kauri iliyochomwa nusunusu. Jiko jipya lenye rangi nzuri huwezi kulitofautisha na zuri ukiwa sokoni. Baada ya miezi michache kauri inamomonyoka. Mnunuzi hasemi "nimeuziwa na fulani", anasema "majiko haya hayafai". Hapo hata fundi mwaminifu anakosa wateja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kibaya kikishatembezwa sana, kizuri nacho hukosa wa kukiamini.

Historia inakushauri nini leo

Ukichukua hayo yote, ushauri wangu ni huu:

1. Anza na mteja anayenunua kuni kila siku. Mama lishe, muuza chapati, mpika pombe, mchoma samaki. Fanya naye hesabu. Tuseme anatumia kuni za shilingi 3,000 kwa siku na jiko linampunguzia theluthi moja. Anaokoa shilingi 1,000. Jiko la shilingi 20,000 limejilipa kwa siku 20. Usimtajie theluthi kwa mdomo tu. Mwachie jiko siku tatu, apime kuni zake mwenyewe.

2. Kwa anayeokota kuni, uza muda na unafuu wa moshi. Pika mbele ya watu siku ya gulio. Maharage yanayochemka yana nguvu kuliko maneno. Lakini usidanganye kwamba jiko banifu limemaliza moshi. Limepunguza tu. Dirisha bado linahitajika.

3. Ijue kauri yako. Igonge kwa kidole: iliyoiva hulia kama chungu, yenye ufa hutoa sauti butu. Andika namba ya simu yako chini ya jiko. Ukiogopa kuandika namba yako, basi usiliuze.

4. Uza kuni kavu. Kuni iliyokatwa leo inaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na mteja anateketeza kuni nyingine kuyakausha maji hayo. Pasua, panga juu ya magogo zisiguse ardhi, ezeka juu, acha upepo upite. Mteja akizoea kuni kavu hatakuhama.

5. Panda zako. Reli ilijifunza, nawe usisubiri. Mkaratusi ukikatwa vizuri huchipua tena kwenye kisiki, ila usiupande karibu na chemchemi. Mwati hauchipui vizuri kwenye kisiki, hivyo panga kuotesha mbegu. Mgrevilea unaweza kuupanda mpakani mwa shamba ukawa unapunguza matawi.

6. Fuata sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Fika kwa afisa misitu wa wilaya au ofisi ya TFS kabla hujakodi gari. Mzigo ukitaifishwa, faida ya miezi inakwenda siku moja.

7. Usiweke mtaji wote kwenye kuni za shule na taasisi. Serikali imeshaelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Soko la kuni halitakufa kesho, lakini litazidi kubana. Anayeuza kuni tu atabanwa nalo. Mwenye miti yake anaweza kuuza nguzo na mbao. Mwenye jina zuri la majiko anaweza kesho kuuza mkaa mbadala, mitungi ya gesi au majiko ya umeme kwa wateja walewale.

Tangu siku za reli hadi leo, waliodumu katika biashara hii ni wale waliojua mteja wao anapoteza nini, iwe fedha au muda, wakamuuzia kitu kinachorudisha hicho, na wakawa tayari kumrudia kikiharibika. Kama unafikiria kuanza, wiki hii fanya kazi moja tu isiyohitaji mtaji: chukua daftari, pita kwa mama lishe watano wa eneo lako, uliza wananunua kuni za shilingi ngapi kwa siku na zinatoka wapi. Majibu yao ndiyo yatakayokuambia kama biashara ipo.

Tukutane makala ijayo, ambapo tutaangalia namna ya kuandaa kitalu kidogo cha miti ya kuni nyuma ya nyumba.